Kupogoa mparachichi wa uani: mwongozo kamili kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Kihambani, yaani kwenye shamba la kuzunguka nyumba, mbuni wa kahawa hauachwi ujiotee utakavyo. Mavuno yakiisha, mwenye shamba hupita na mkasi, akaondoa maotea, akakata matawi yaliyochoka, akaacha hewa ipite, kwa kuwa anajua mbuni uliofunga kichaka huzaa kidogo na huandamwa na ugonjwa wa chulebuni. Hatua tatu kutoka hapo umesimama mparachichi, na huo hakuna anayeugusa. Unapanda hadi mita 15, maparachichi yanakaa kileleni yanakofikiwa na kima na popo, na yaliyobaki yanaanguka usiku juu ya bati. Siku tawi linapolalia paa au kukaribia waya wa TANESCO ndipo anaitwa kijana mwenye panga. Kwa mchana mmoja nusu ya mti inalala chini. Mwaka unaofuata mwenye nyumba analalamika kwamba mti umesusa: umetoa fito ndefu za majani matupu, hauna ua hata moja, na gome la matawi ya juu limebabuka kwa jua.

Hivyo ndivyo mparachichi wowote unavyofanya ukinyang'anywa majani mengi kwa mpigo mmoja. Tiba ni kupogoa kidogo, kila mwaka, mara tu baada ya kuchuma, na kwa msumeno. Nitakaa zaidi kwenye mparachichi kwa sababu ndio mti uliojaa nyuani kwetu, kuanzia Njiro na Sakina hadi Kiboriloni na Pasua. Mwembe, mpera na jamii ya mlimao nimeiwekea nafasi fupi mwishoni.

Kwanza ujue mti unazaa wapi

Mparachichi hutoa maua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa, yaani vile vilivyoota msimu uliopita, vikapata muda wa kutulia na kukaza. Hapo kuna mambo mawili ya kushika kabla hujagusa mkasi.

La kwanza, ukikata ncha zote za mti kwa usawa, kama unavyonyoa ua wa michongoma, umekata mazao ya mwakani. Mti utaonekana nadhifu na majirani watausifia, lakini hautazaa. La pili, kitawi kisichopata mwanga hufa. Ndiyo maana ukisimama chini ya mparachichi mkubwa na kuangalia juu, ndani unaona mbao tupu, na majani yamebaki nje na kileleni pekee. Matunda hufuata majani, kwa hiyo kila mwaka yanazidi kupanda. Kupogoa vizuri ni kufungua madirisha machache mwanga ushuke hadi chini, ili matawi unayoyafikia kwa mkono yabaki hai na yaendelee kuzaa.

Kuna pia suala la mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Mti ukizaa sana mwaka huu, hutumia akiba yake yote na mwaka unaofuata hupumzika. Watu wengi hupogoa kwa nguvu mwaka ule mti uliozaa sana, kwa hoja kwamba "umeshatupa, sasa tuukate." Ni kinyume. Mwaka unaofuata tayari ungekuwa mdogo, na sasa umeupunguza zaidi. Upogoaji mzito kidogo ufanye baada ya mwaka wa mavuno haba, kabla ya ule unaotarajia maua mengi. Utapunguza wingi wa maua ambayo mti usingeyamudu, na utapata vitawi vipya vya kuzaa mwaka wa baadaye. Kwa njia hiyo miaka inaanza kukaribiana.

Lini

Kalenda ya kwanza ni mti wenyewe. Muda wa kupogoa ni ule kati ya parachichi la mwisho kuchumwa na vikonyo vya maua kuanza kuvimba. Angalia ncha za vitawi: kikonyo cha majani ni chembamba na kimechongoka, cha maua huanza kunenepa na kuwa duara. Ukiona vingi vimenenepa umechelewa. Ngoja, au kata tu kile ambacho ni lazima.

Parachichi aina ya Hass hukusumbua hapa, kwa sababu linaweza kubeba matunda ya zamani na maua mapya kwa wakati mmoja. Usingojee mti wote ubaki mtupu. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini na kulainika baada ya kuchumwa. Kwa hiyo tawi ulilokusudia kulikata, chuma matunda yake yaliyokomaa, likate, uende kwenye lingine. Tena kuacha matunda yaning'inie muda mrefu baada ya kukomaa kunaunyima mti nguvu ya maua yanayofuata.

Kalenda ya pili ni ya mvua na jua. Masika, Machi hadi Mei, usipogoe. Vidonda vinakaa na unyevu wiki nzima, ukungu unapata mlango, na gome lenye utelezi si mahali pa kusimama mtu. Januari na Februari nazo ni mbaya kwa sababu tofauti: jua kali na ukavu. Gome la mparachichi ni jembamba, na lile lililokuwa kivulini likifunuliwa ghafla huungua, likapasuka, na wadudu na vimelea wakaingia.

Zinabaki Juni hadi Septemba. Masika yamekwisha, kuna baridi, na asubuhi nyingi wingu linakaa hadi saa nne au tano. Vidonda vinakauka, gome lililofunuliwa linapata muda wa kuzoea, na vichipukizi vipya vikianza, vuli inavikuta Oktoba au Novemba. Kama mti wako unachumwa Juni na Julai, Agosti ni mwezi mzuri. Ukichumwa hadi Septemba, pogoa mara unapomaliza.

Usinakili tarehe za ndugu yako aliye mlimani. Moshi mjini ni chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama mita 1,400, na vihamba vya Kibosho au Marangu vinapanda zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyochelewesha tunda kukomaa. Parachichi la aina moja linaweza kuwa tayari Pasua wakati la Marangu bado gumu kabisa.

Tawi lililokufa, lililovunjika au linaloonyesha ugonjwa halina msimu. Likate siku unayoliona.

Vifaa

Mkasi wa kupogolea kwa vitawi visivyozidi unene wa kidole gumba. Msumeno wa kupogolea, ule mfupi uliopinda unaokata ukivuta, kwa karibu kila kitu kingine. Ngazi imara. Kamba ya kushushia tawi zito. Spiriti na kitambaa cha kufutia. Chokaa, au rangi nyeupe ya maji. Miwani ya kukinga macho, kwa sababu unga wa msumeno unaanguka usoni ukikata juu ya kichwa.

Panga liache chini. Lina kazi yake, ya kukatakata matawi yakishaanguka, lakini kidonda cha panga hupasuka na kuchanika, na mwenye panga hawezi kuchagua mahali pa kukata kwa tofauti ya sentimita moja. Utaona hapa chini kwamba sentimita hiyo moja ndiyo kazi yenyewe. Mashine ya chenso nayo inafaa kwa matawi manene kupita paja, na ishikwe na mtu anayeijua, akiwa na mahali imara pa kusimama. Mtu juu ya ngazi ya uani akiwa na chenso mkononi ni ajali inayosubiri.

Futa makali kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohama mti. Ukiwa unakata sehemu yenye ugonjwa, futa baada ya kila mkato. Jiki inafanya kazi pia, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, ila inakula chuma, kwa hiyo ukimaliza suuza, kausha, paka mafuta kidogo.

Kabla hujapanda

Mbao za mparachichi ni laini na hukatika ghafla. Mtu aliyekulia juu ya mipera anadanganyika hapa: tawi la mpera lenye unene wa mkono linambeba mtoto akining'inia, tawi la mparachichi la unene huohuo linaweza kukatika bila kukuonya. Fanya kazi ukiwa kwenye ngazi, ngazi ifungwe kwenye shina, na awepo mtu wa chini wa kuishika na kufukuza watoto.

Kama tawi liko karibu na waya wa umeme, hata kama halijaugusa, usilikate mwenyewe na usimtume kijana alikate. Toa taarifa TANESCO waje wao. Tawi bichi lina maji, na maji yanapitisha umeme.

Chungulia nyuki na nyigu. Kama mti unaegemea kwa jirani, mwambie kabla, hasa kama matawi yataanguka upande wake. Huenda ana vitu vyake vya kuhamisha, na huenda kivuli unachokiondoa ndicho anachokalia. Na kama nia yako si kupogoa bali kuuangusha mti mzima, pita kwanza ofisi ya mtaa au kijiji uulize kama kuna kibali.

Mti mchanga: miaka mitatu ya kwanza

Samaki mkunje angali mbichi. Kazi ya dakika chache kwenye mche inakuokolea siku nzima ya msumeno miaka kumi baadaye, na ni ajabu kwamba ndiyo isiyofanywa na mtu.

Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa aina bora juu ya mche mwingine wa chini, ukifika kimo cha mita moja hivi na ukaonekana unapanda kama fito bila matawi, kata ncha yake ya juu. Ni kubana tu, sentimita chache. Vichipukizi vitatoka chini ya hapo. Chagua vitatu au vinne vinavyoelekea pande tofauti na visivyoanzia sehemu moja ya shina, kimoja kiwe juu kidogo ya kingine. Vingine punguza ncha uviache vidogo, usivinyofoe vyote, kwa sababu majani ndiyo yanayolisha mizizi.

Tawi zuri linatoka kwenye shina kwa pembe iliyofunguka. Lile linalopanda sambamba na shina, limebanana nalo kwenye panda, litakuja kupasuka siku moja likiwa limejaa matunda. Liondoe mapema, au litanue kwa kipande cha mti ukiliweka kati yake na shina.

Kila kinachochipua chini ya alama ya kubebeshea kitoe kwa mkono kikiwa bado laini. Hicho ni cha mti wa chini uliobeba, si Hass uliyonunua. Ukikiacha kitautawala mti, na miaka mitano baadaye utashangaa kwa nini "mbegu ya kisasa" inazaa maparachichi ya kienyeji.

Baada ya hapo, katika miaka hii mitatu, mkono wako uwe mwepesi. Mti mchanga unaopogolewa mno huchelewa kuzaa.

Mti uliokomaa: kazi ya kila mwaka

Siku moja kabla, jioni, zunguka mti bila kifaa chochote. Angalia kutoka mbali, kisha simama chini uangalie juu. Chukua vitambaa vyekundu ufunge kwenye kila tawi unalofikiria kulikata. Kesho yake asubuhi angalia tena. Karibu kila mara utafungua kimoja au viwili. Ukiwa na fundi, vitambaa hivi vinamaliza ubishi: akikuuliza "Mama, nikate wapi?" unamjibu, "Palipofungwa tu, baba, na usiongeze lingine bila kuniita."

Anza na yaliyokufa. Tawi lililokufa linajulikana kwa kukwangua gome kwa ukucha. Hai lina kijani chini yake, lililokufa ni kahawia na kavu. Matunda yaliyokauka yakabaki yanang'inia yaondoe pia, kwa sababu yanatunza ukungu unaosababisha chule, ugonjwa wa madoa meusi kwenye matunda.

Kisha yaliyo na ugonjwa. Kata hadi ufike mahali mbao ni safi, haina doa la kahawia. Hapa naomba usichanganye: kama mti mzima una majani madogo, ya njano, na vitawi vya kileleni vinakauka pande zote, tatizo liko ardhini. Huenda mizizi inaoza kwa sababu maji yanatuama. Kupogoa hakutauponya. Fungua mfereji, elekeza maji ya bomba la kufulia kwingine, na umwite afisa ugani wa kata yako. Walio karibu na Tengeru wana bahati, kwani kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) pale kinashughulika na utafiti wa mazao ya bustani.

Tatu, matawi yanayopishana na kusuguana. Acha moja, lile lenye pembe nzuri na linaloelekea nje.

Nne, zile fito zinazochomoka wima juu ya matawi makubwa. Nyingi hazina faida na zinafunga katikati. Lakini usizimalize zote. Palipo na sehemu tupu inayopigwa na jua, acha fito moja, ikate ncha itoe matawi ya pembeni, itakuwa kivuli cha gome na baadaye tawi la kuzaa.

Mpaka hapo miti mingi inakuwa imeshapata robo tatu ya ilichohitaji. Sasa fungua dirisha: chagua tawi moja kubwa, mawili yakizidi sana, lililo juu katikati na linaloziba mwanga, uliondoe lote kuanzia lilipoanzia. Kuondoa tawi moja zima ni bora kuliko kukata vipande ishirini vya ncha. Ukikata katikati ya tawi popote tu, mti unajibu kwa kutoa fito tano mahali palepale, na umerudi ulikoanza, ila sasa ukiwa na msitu juu zaidi.

Kama unataka kufupisha tawi bila kuliondoa, lifuate hadi mahali linapotoa tawi la pembeni lenye unene wa angalau theluthi moja ya lenyewe. Kata hapo. Tawi la pembeni litachukua uongozi na mti hautahangaika kutoa fito.

Matawi ya chini yanayogusa udongo yainue kidogo, kama nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini. Matunda yasirushiwe tope na mvua, lakini sketi ya mti ibaki kufunika ardhi, maana mizizi ya mparachichi iko juujuu na inapenda kivuli.

Halafu acha. Ukiona umeondoa karibu robo ya majani yote, shuka chini hata kama kuna vitambaa vimebaki. Vitasubiri mwakani.

Namna ya kukata

Angalia mahali tawi linapotoka kwenye shina. Kuna uvimbe mdogo, wenye mikunjo ya gome, unaozunguka mwanzo wa tawi. Tuuite shingo. Mti hufunga kidonda chake kutokea kwenye shingo hiyo. Ukikata ukaisawazisha na shina, umeondoa kile ambacho kingefunga kidonda, na umeacha tundu kubwa. Ukikata mbali nayo na kuacha kisiki cha sentimita kumi, kisiki hicho kitakufa, kitaoza, na uozo utashuka ndani. Kata nje tu ya shingo, ukiiacha nzima. Baada ya miezi utaona duara la gome jipya likijifunga kuelekea katikati.

Kwa tawi lolote lenye uzito, kata mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na uingie theluthi moja ya unene. Mkato wa pili uwe juu, sentimita tano hivi nje ya ule wa kwanza, hadi tawi likatike lenyewe. Kwa sababu ya mkato wa chini, halitachana gome kushuka kwenye shina linapoanguka. Sasa umebaki na kipande kifupi, chepesi. Mkato wa tatu ukiondoe nje ya shingo, taratibu, ukikishika kwa mkono wa pili. Watu huona mikato mitatu ni kupoteza muda. Angalia shina la mparachichi wa jirani lenye kovu refu lililochanika hadi chini, kisha uamue.

Tawi zito lililo juu ya bati, uzio au bomba la maji lifungwe kamba kwanza. Kamba ipite juu ya tawi lingine imara, mtu wa chini aishike, alishushe polepole.

Mti uliokwisha kuwa mrefu

Hapa ndipo wengi walipo: mparachichi wa kienyeji uliopandwa na babu, wa mita 12 au zaidi. Usiufupishe mwaka mmoja. Gawa kazi kwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza ondoa mhimili mmoja tu, yaani tawi kuu linalopanda juu, ule mrefu kuliko yote, ama wote ama uushushe hadi kwenye tawi la pembeni lenye nguvu. Mwanga utashuka, na chini ya hapo vitachipua vitawi vipya. Vichague, viache vichache, vifupishe. Mwaka wa pili mhimili wa pili. Mwaka wa tatu wa mwisho. Wakati wote huo sehemu iliyobaki inaendelea kuzaa, na majani yake yanafunika gome lililofunuliwa. Ukifika mita nne au tano umefika. Kwa kimo hicho mtu mwenye ngazi fupi na ufito wenye kifuko cha kuchumia anamaliza kazi bila kutupa mawe.

Kama matunda yenyewe hayakupendezi, ya maji au yenye nyuzi, usipoteze miaka mitatu kuyasogeza karibu. Inawezekana kukata mti hadi kimo cha mita moja na kuubebesha aina unayoitaka kwenye vichipukizi vitakavyotoka, huku ukiacha tawi moja la zamani la kuulisha mti hadi vikonyo vishike. Tafuta mbebeshaji mzoefu kabla hujagusa msumeno, si baadaye. Na kama mti uliotokana na kokwa haujawahi kuzaa, uliza umri wake kwanza. Inaweza kuchukua miaka saba hadi kumi na zaidi, ilhali mti wa kubebesha huanza mwaka wa tatu au wa nne. Atakayekushauri uupige misumari ili uzae umsikilize kwa adabu, uendelee na shughuli zako.

Baada ya kukata

Siku hiyohiyo paka rangi nyeupe kwenye gome lote lililokuwa kivulini na sasa liko juani, hasa mgongo wa matawi na upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Rangi nyeupe ya maji changanya na maji kiasi sawa. Chokaa nayo ikorogwe iwe nyepesi inayopakika kwa brashi. Rangi ya mafuta usitumie.

Vidonda vyenyewe viache wazi. Oili chafu ya gari, lami na mafuta ya taa havisaidii kufunga kidonda, na vingine vinachoma gome. Mkato safi mahali sahihi hukauka wenyewe.

Tandaza majani makavu na vipande vidogo vya matawi mazima chini ya mti, unene wa sentimita kumi hivi, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Yenye ugonjwa choma. Kama hakuna mvua, mwagilia kila wiki, maji ya kutosha kuzama, si kunyunyizia. Samadi iliyoiva inafaa, ila usiimwage nyingi mara baada ya kupogoa, maana utaulisha mti fito badala ya maua. Subiri vuli.

Na sasa jambo ambalo ningeomba lisomwe hata na asiyesoma mengine yote. Usiwape mifugo majani ya mparachichi. Kwetu matawi yakianguka wazo la kwanza ni zizini, kwa ng'ombe na mbuzi wa ndani. Majani haya yana sumu iitwayo pesini. Mbuzi na ng'ombe wanaokamuliwa huvimba viwele na kupunguza maziwa, na wakila mengi moyo huathirika na wanaweza kufa. Sungura, kuku na punda nao wamo hatarini. Rundika matawi mahali ambapo mbuzi aliyekatika kamba hafiki.

Wiki sita hadi nane baadaye rudi. Maotea yatakuwa yamechomoza kuzunguka kila kidonda. Yakiwa laini yanatoka kwa vidole: acha moja au mawili yanayoelekea nje, mengine ng'oa. Anayeruka hatua hii anakuta mwakani mti umefunga upya.

Miti mingine ya uani

Mwembe, unaostawi zaidi maeneo ya joto ya chini kama pembezoni mwa Moshi mjini, nao unatoa maua kwenye ncha, na unahitaji muda mrefu kukomaza vitawi vipya. Pogoa ndani ya wiki chache baada ya kuchuma, usingoje. Fungua katikati, kwa sababu magonjwa ya ubwiri unga na chule hupenda kichaka kisichopitisha hewa. Utomvu wake unachoma ngozi na macho. Vaa mikono mirefu.

Mpera ni mvumilivu kuliko yote. Unazaa kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo ukiukata kwa nguvu unakujibu kwa matunda. Uweke kimo unachotaka, ondoa machipukizi ya chini, basi.

Mlimao, mchungwa na mchenza vinataka kuguswa kidogo sana. Ondoa matawi makavu, fungua pale palipobanana, na inua sketi isiguse udongo. Kazi kubwa iko chini ya alama ya kubebeshea: machipukizi yenye miiba mirefu, mara nyingine yenye majani ya umbo tofauti na mti wenyewe, yanapanda kwa kasi na kuumeza mti ulionunua. Yanyofoe kila unapoyaona, masika au kiangazi, na kama yameshakuwa manene kuliko kidole, fukua udongo kidogo uyakate kutokea kwenye shina.